Feni ya diski: kelele na joto

Kuna kisanduku ambacho siku hizi hukutwa sebuleni kwa wapiga picha, wahasibu na wengine wanaofanyia kazi nyumbani. Ndani yake mna diski ngumu mbili au nne, zimebeba hesabu za duka na picha za harusi za watu. Nyuma yake mna feni. Mchana hakuna anayeijali. Usiku huvuma kama nyuki ndani ya debe, na ndipo mwenye nyumba anapoamka kuichomoa waya, au, vibaya zaidi, kukifungia kisanduku kabatini kikiwa kinafanya kazi.

Watengenezaji wengi huruhusu diski zao zifike nyuzi 60 za sentigredi, basi. Si mbali kama inavyodhaniwa. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hupita nyuzi 30 kabla diski haijaongeza joto lake yenyewe.

Lakini wapo pia wanaoiachia feni mbio za mwisho, wakidhani kila ubaridi ni uzima. Sivyo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Zile za baridi sana hazikudumu zaidi ya wenzake. Madhara ya joto yalionekana lilipozidi mno, na hasa kwa diski zenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Kwa maoni yangu, nyuzi 35 hadi 45 zinatosha kabisa.

Hapo ndipo feni inapotupa nafuu. Ukipunguza mzunguko wake kwa nusu, hewa nayo hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Sikio huona desibeli 10 tu kuwa ni kama nusu ya sauti. Kwa hiyo feni pana ya milimita 120 inayozunguka polepole hupitisha hewa sawa na ile ndogo ya milimita 80 inayolia.

Weka feni katika mwendo wa utulivu, nakili mafaili makubwa kwa saa mbili mchana wa jua kali, kisha soma joto la diski katika programu ya kisanduku. Likiwa chini ya 45, lala usingizi. Likipita, safisha vumbi kwa brashi, umeme ukiwa umezimwa, na ukisogeze mbali na ukuta. Mngurumo unaobaki mara nyingi ni wa meza inayotikiswa na diski. Vipande vinne vya mpira wa ndala chini yake huutuliza. Feni inayokwaruza, hiyo imechoka. Nunua nyingine.