Mama Ngina: Je, Kilomita 50 Zimepitwa na Wakati?

"Magari ya siku hizi yana breki kali, hiyo 50 ni ya enzi za babu," hulalama madereva. Sheria ya Trafiki inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, na barabara za kuendea Mama Ngina zimo. Breki zimeboreka, kweli. Mguu wa dereva je? Huchukua kama sekunde moja kuifikia breki. Kwa mwendo wa 50, gari limeshakwenda karibu mita 14. Kwa 70, zaidi ya 19, na kishindo cha kugonga hukaribia maradufu. Nasi jioni twaenda kwa miguu na watoto, kufuata mihogo na madafu. Binafsi hapo hata 50 naiona nyingi, 30 ingetosha.