Seri inayopigwa Kituku iko ya nani?

Vijana wa Goma wanaotengeneza seri kwa telefone wanahitaji chama chenye karatasi, kasa na kura. Wachimbaji wako na mengi ya kuwafundisha.

Kituku, pale mashua zinapofika ku ziwa Kivu, hakukosi kitu cha kupiga filme. Mashua za kutoka Minova zinaleta maharagi, ndizi na makala. Mama wanabishana bei, wabebaji wanapita na mizigo, watoto wanachota maji na mabido. Kijana mwenye telefone nzuri, rafiki watano na mega za kutosha anaweza kupata hapo kipande cha dakika kumi, bila kulipia studio. Ndiyo maana seri za intaneti, zile zinazotoka kipande kwa kipande ku YouTube, Facebook ao TikTok, zinavuta vijana wengi.

Lakini muulize kijana huyo: hiyo seri iko ya nani? Hapo maneno yanaanza.

Mara nyingi shene ilifunguliwa na mutu mumoja, kwa namba yake. Mwenye kuandika hadisi hakusaini kitu. Wachezaji walipewa soda na transpore. Siku mwenye namba anahamia Kampala ao anaibiwa telefone, kazi ya miaka miwili inaenda naye. Na kama feza ikiingia, wengine wanasikia habari yake barabarani.

Ninyi mulioko ku mashimo, hadisi hii munaijua. Sheria ya Machi 2018, iliyorekebisha Code minier ya 2002, inaomba muchimbaji wa mikono awe mu kooperative. Kuna kooperative inayosimama kwa ajili ya wanachama wake. Na kuna ile ambayo muchimbaji iko na karte, lakini sauti ni ya mukubwa mumoja: yeye ni prezida, yeye ni PDG wa shimo, yeye ni mwenye mizani. Mutu anayeshika mizani peke yake ndiye anasema kilo ni ngapi. Kwa seri, mizani ni neno la siri la shene.

Hata kwa wakubwa ilishindikana

Shida hii si ya Goma tu. Mu Marekani, mwaka wa 2008, watengenezaji wa seri za intaneti walianzisha chama kinachoitwa IAWTV. Mwaka uliofuata zawadi za Streamy zilianza. Wanachama ndio walipiga kura, lakini sherehe yenyewe ilikuwa mikononi mwa wengine. Ile ya 2010 iliharibika: mashine zilikosa kufanya kazi vizuri, michezo ya aibu ikachukiza watu, na wanachama wakalalamika wazi. Jina lao lilikuwa pale, lakini uwezo wa kuamua haukuwa wao. Mwishowe chama kiliachana na sherehe hiyo, na Januari 2012 kikatoa zawadi zake chenyewe, mu Las Vegas.

Somo ni moja: kuwa na jina la chama bila kushika usukani ni kama kuwa na karte bila sauti.

Mambo ya kutengeneza

Kwanza, kuchagua aina ya chama. Wengi wanakimbilia ASBL, ile ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. ASBL ni nzuri kwa kufundisha na kutetea, lakini haiwezi kugawia wanachama faida. Kama vijana wanataka kugawana feza ya kazi, kooperative inafaa zaidi. Kongo iliingia mu OHADA mwaka wa 2012, na sheria ya OHADA inaruhusu kooperative ndogo kuanza na watu watano. Kila mwanachama iko na kura moja, hata kama mwingine ameleta feza mingi. Mwenye kamera, mwandishi na muchezaji wanakuwa sawa siku ya kura.

Pili, karatasi mbele ya kamera. Ukurasa mumoja unatosha: jina la seri, nani aliandika, nani alipiga picha, nani alicheza, na kila mutu atapata sehemu gani. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mutunzi, na SOCODA ndiyo inasimamia haki hizo. Haki inazaliwa pamoja na kazi, ni kweli. Lakini siku ya ugomvi, karatasi ndiyo inasema.

Tatu, shene ya pamoja. YouTube inaruhusu watu kadhaa kuingia na kuongoza shene bila kupeana neno la siri; basi watu watatu wa komite washike ruhusa hiyo. Tena kuna hesabu. Ili video ndefu zigawane feza ya matangazo, shene inahitaji wafuasi 1.000 na masaa 4.000 ya kutazamwa mu miezi 12, na programu hiyo haiko wazi mu kila inchi. Masaa 4.000 ni dakika 240.000. Kipande cha dakika kumi kinapaswa kutazamwa mupaka mwisho mara 24.000. Vikundi vitano, kila kimoja na shene yake ndogo, vitachoka mbele ya kufika. Vikipanda shene moja, njia inafupika.

Ine, kasa. Tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga, na feza nyingi inapita ku telefone. Mchango ukiingia ku namba ya mutu mumoja, hiyo si kasa, ni mufuko wake. Waige mama wa AVEC: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kuhesabu mbele ya wote. Mchango uzae kitu kinachoonekana: mikro ya kuazimana, maana upepo wa ziwa unaharibu sauti, na batri ya kusaidia umeme ukikatika. Asiye na feza alipe kwa kazi.

Tano, heshima. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku. Watu wengi walikufa, na picha zilizopigwa kwa telefone zikazunguka dunia. Picha kama hizo zinaweza kuwa ushahidi. Zinaweza pia kuumiza familia mara ya pili. Chama kikubaliane mbele: sura ya marehemu haionyeshwi, na mama anayeuza sambaza anaombwa ruhusa kabla ya kupigwa filme. Soko si dekor.

Kwa mzazi

Baba aliye ku shimo, mama aliyebaki Goma: mutoto akisema ameingia mu chama cha seri, usimuulize kwanza atakuwa staa lini. Muulize nani anashika neno la siri, karatasi iko wapi, na kura ya mwisho ilikuwa siku gani. Akikosa jibu, asikimbie. Arudi ku mukutano, anyanyue mukono, na aulize yeye mwenyewe.