Soft Life ya Ajia ni Bure, Lakini Usimwambie Mzae

Wasee, rada ni hii. Kampala, kwa mitaa ya wazito, kuna watu wanauza kimya. Si stori za jaba. Unalipa, unavua viatu, unaketi kwa nyasi iliyonyolewa fiti kuliko wewe, alafu mdem wa sauti nyororo anakuambia sikiliza upepo. Upepo! Ile kitu hupita kwa dirisha ya shosho yako bila hata kubisha. Na hiyo ganji umetoa, buda, ni nauli ya basi mpaka Arua, na chenji ya rolex inabaki.

Ndio usiseme nilikunyima history: mwaka 1979 kuna msee anaitwa Jon Kabat-Zinn alianzisha program pale chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, ya kufunza wagonjwa wa maumivu sugu kutulia na kufuata pumzi yao. Poa sana, walikuwa wagonjwa. Wajapani 1982 wakaanza kushauri watu waingie msituni watembee mosmos, wakaita hiyo kuoga msitu. Pia poa, wale wasee hufanya job mpaka wanasinzia wakisimama kwa treni. Noma ilianza wazito walipocheki kwamba kutulia kunaweza kuwekwa bei. Saa hii kuna app ya kukukumbusha kupumua. Kupumua! Mbuzi wa jirani yetu anapumua tangu azaliwe na hajawahi kubonyeza "kubali masharti".

Mimi shags yetu ni Ajia, upande wa Vurra, nje ya Arua. Arua yenyewe ilipandishwa cheo ikawa city tarehe 1 Julai 2020, katikati ya corona, watu na mabarakoa, hata kucheza haikuwezekana vizuri. Kutoka Kampala ni kama kilomita mia tano. Unapiga basi ya usiku, unapita Karuma, nyani wa hapo wanakucheki kama wanakudai, unavuka Nile kwa daraja ya Pakwach, na simu yako ishaisha moto juu ulikuwa unawatch series. Hapo ndio mindfulness huanza. Hakuna usajili.

Ukifika Ajia, sheria ya kwanza: usivae raba nyeupe. Nitarudia baadaye juu najua wewe huskii.

Sheria ya pili ni salamu. Town unapita mtu na "niaje", unasonga. Ajia ukijaribu hiyo umechoma, na umechomea ukoo mzima. Mzee amekaa chini ya mwembe. Unasimama. Anakuuliza, "Mi ngoni?" Unajibu, "Muke." Unadhani imeisha. Haiwezi. Anauliza mathe. Anauliza goti la mathe. Anauliza mihogo, mvua ya huko Kampala, na yule mjomba mwenye hakuna mtu huongelea. Kila swali linafuatwa na kanyamazo kadogo, na wewe huwezi kuhepa, huwezi kutoa simu. Dakika kumi na tano za kupumua pole pole ukiangalia macho ya mtu. Yule mdem wa Kampala angekutumia invoice.

Alafu mzae anaharibu kila kitu kwa kufungua mdomo. Wazae wa West Nile wote, bila hata mmoja kubaki, walitembea kwa mguu hadi Rhino Camp wakiwa watoto. Wote! Hiyo barabara ilikuwa na jam. Huyo huyo anaamini headphones zinakausha ubongo na kulala mpaka saa mbili asubuhi kunaleta umaskini. Unamkubalia, unaitikia, kichwani unacheza Gengetone. Shida ni moja tu: kwa hii mambo ya kutulia, mzae ako right. Hiyo siri ibaki hapa kwa mbogi. Akijua, hatutapumua tena, na app au bila.

By the way, Rhino Camp iko hivyo kwa jina juu kweli kulikuwa na vifaru, wale weupe wa kaskazini. Mwanzo wa 1910 Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuja kuconnect na nature hapo kando ya Nile. Akaconnect kwa bunduki. Yeye na kijana yake Kermit waliangusha vifaru tisa, vikaenda kuwa maonyesho ya makumbusho. Kufika miaka ya mwanzo ya 1980 Uganda haikuwa tena na hata mmoja. Dume wa mwisho wa aina hiyo duniani, Sudan, alikufa Machi 2018 pale Ol Pejeta, Kenya, na wamebaki wasupuu wawili, Najin na Fatu. So mtalii akikuambia amekuja "kuungana na asili", muulize kwanza amebeba nini kwa begi.

Sasa tuingie kwa maneno yenyewe. Kumbikumbi.

Wewe umezoea kuwaona kwa beseni sokoni, wamekaangwa tayari, mathe anakupimia kwa kikombe na bei inakufanya uulize kama wamemeza dhahabu. Shags unawatafuta mwenyewe. Kwanza ujue kichuguu kina mwenyewe. Si kilima tu cha udongo, ni mali ya familia, na ukivuna kwa cha wenyewe hiyo ni kesi, wazae wanaketi, na wewe na kadegree kako unasimama katikati ukijitetea juu ya wadudu. Mvua ikipiga vizuri, ardhi ikilowa, shosho anatoka, anashika udongo, anaunusa, anasema leo. Hakuna app ya weather imewahi kumshinda, na amejaribu kukataa kufurahia hiyo sifa akashindwa.

Jioni mnachimba kashimo kando ya kichuguu. Mnafunika kwa vijiti na majani, kama kahema, mnaacha tu njia ya mwanga. Taa inawekwa pale shimoni. Alafu mnangoja. Hapo ndio kazi iko, wasee: kungoja. Hakuna kubonga kwa nguvu, hakuna tochi ya simu juu utawachanganya. Unaskia vyura. Unaskia tumbo ya binamu yako. Unajikuta unafikiria maisha yako yote, ex wako, loan yako ya simu, alafu zinaisha, hizo fikra zinakosa tu kitu cha kusema. Na hapo kwa giza inaanza kasauti, shshsh, kama karatasi inakunjwa. Wanatoka. Wengi mpaka udongo unaonekana kutambaa. Wanafuata mwanga, wanateleza, wanaanguka shimoni, mabawa yanabaki yamekushika kwa nywele, kwa shingo, ndani ya tisheti. Kila mtu anacheka. Hata mzae. Nilimwona, atakataa.

Kuna aina ingine hutoka mchana. Hiyo unaipigia vijiti chini, ta-ta-ta, unaidanganya kwamba mvua inanyesha. Watoto ndio maprodyuza wa hiyo beat, na wako fiti kuliko nusu ya wale mnaita producers Kanairo.

Kukaanga ni sufuria kavu na chumvi. Mafuta wako nayo wenyewe. Wengine shosho anawatwanga na simsim, anatoa kitu nzito ya kupaka kwa chakula. Kampala hiyo ingeitwa superfood ikapewa chupa na stika ya kijani.

Tukija kwa dishi, mfalme ni enyasa. Unga wa muhogo, mara nyingi umechanganywa na wimbi au mtama, unasongwa mpaka mkono unalia. Kando kuna osubi, majani ya kunde, na kama Mungu amekumbuka boma yenu, angara, wale samaki wa kukaushwa kutoka Nile. Sinia ni moja, mikono ni mingi. Enyasa hunata vidole, na kidole chenye enyasa hakiwezi scroll. Nimejaribu kufikiria teknolojia bora ya kutenganisha kijana na simu yake, na hakuna. Mnakula mnaangaliana. Unagundua kasista kako kamekuwa karefu. Unagundua mathe hupea wengine samaki na yeye anachovya mchuzi, na amekuwa akifanya hivyo tangu uwe mtoto, na wewe ulidhani hapendi samaki.

Songa mbele, hiyo imekuwa deep.

Luku na ngozi. Mnajua mti wa shea? Ile ya huku kwetu, kuelekea Yumbe na Moyo, ni ya ukoo wa nilotica, mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na London inauzwa kwa kakopo kadogo kwa bei ya kukodisha keja. Shosho anapika nayo. Anaipaka mguu. Anaipaka mtoto. Ana miaka sabini na kitu na uso hauna hata mkunjo mmoja wa kukopa. Ile cream yako ya Kampala inakumenya uso kama kiazi alafu inakuuzia ingine ya kuponya. Tena huo mti unachukua miaka kumi na tano na zaidi ndio uzae vizuri, na wasee wanaukata wachome makaa. Makaa! Hapo sichekeshi, hiyo ni ufala.

Digital detox nayo, tusidanganyane, Uganda tuko mbele ya dunia. Wazungu wanaenda visiwani wafungiwe simu kwa kasanduku. Sisi Januari 2021, siku moja kabla ya kura, serikali ilizima intaneti ya nchi nzima, ikarudi baada ya kama siku tano, na Facebook haikurudi. Bure kabisa, hakuna hata kulipia kasanduku. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, tulikuwa tunalipa shilingi 200 kila siku ndio tuingie WhatsApp. Sijawahi kuelewa kama walikuwa wanataka tuingie ama tutoke.

Na ukitaka detox ya kujitakia, panda Koboko. Sogea mpaka Oraba, karibu na pale Uganda, Congo na South Sudan zinakutana. Simu yako inachanganyikiwa, inarukia network ya majirani, roaming inakula airtime kabla umalize kusema hello. Unaizima mwenyewe, hakuna mtu amekulazimisha. Unaingia sokoni, unaskia Kikakwa, Kinubi, Lingala, Kiswahili cha Congo na Kiarabu cha Juba kwa meza moja ya vitenge, na wote wanapunguziana bei bila mtu kukosana. Chai tangawizi iko. Kaa hapo.

Lakini hapa hakuna kubebana. Nimeona picha zenu. Umekuja siku mbili, umelala kwa hammock, umepost jua ikizama na maneno ya "simple life". Fala wewe. Hiyo simple life ina wafanyakazi. Maji uliyonawa yamebebwa kutoka kisimani na kabinti kamebeba jerikani kichwani. Kuni zilitafutwa. Ile enyasa ilisongwa na mtu mwenye mgongo unauma, alafu akakuambia ongeza. Utulivu wako kuna mtu anauchotea maji, na mara nyingi ni mwanamke, na hakuna mtu amewahi kumuuliza kama yeye ametulia. Wazae wanaita hiyo mila. Si unaona venye wanajipendelea?

Na ukiangalia vizuri, hakuna mtu Ajia huketi chini kutafuta amani ya roho. Shosho anachambua mboga. Binamu anashona wavu. Yule anatwanga, huyu anamenya. Mikono iko busy na mdomo unapiga stori, na kichwa ndio kinapumzika. Wewe umekalia hammock, mikono haina job, ndio maana bado unafikiria ex.

So ukija Desemba, hivi ndivyo. Acha hizo raba nyeupe kwa keja, si nilisema. Beba sukari na sabuni, usibebe mishumaa ya harufu, shosho ataiwasha stima ikipotea na atakuuliza mbona inanuka duka la marashi. Asubuhi kabla jua iwake, chukua jerikani ya lita 20, fuata wale wadogo hadi kisimani. Utarudi umelowa mgongo wote na maji yamebaki nusu, kabinti kamoja kamekupita na yake kichwani bila kuishika, kakicheka mpaka kanakosa njia. Rudi raundi ya pili. Na usithubutu kupiga selfie na hiyo jerikani, tutakublock mbogi yote.