Jua Lisizame Mmenuniana

Shoga, ndoa nyingi haziuawi na ugomvi, zinauawa na kununiana. Ndiyo maana naupenda mstari wa Waefeso 4:26. Paulo hakukataza hasira, aliiwekea muda tu: jua lisizame ukiwa nayo bado. Na mstari wa 27 unaonya, ukiilaza ndani unamfungulia shetani mlango.

Hapa Dar jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, wengi tuko kwenye foleni. Basi mimi na mzee hatusubiri kufika nyumbani. Tukikorofishana asubuhi kuhusu ada ya mtoto, kabla ya giza mmoja anapiga simu: “Baba Neema, tuyamalize.” Ada yenyewe huenda bado haijapatikana, lakini kitandani hatupeani mgongo.

Je, wewe una kinyongo na nani leo? Shika simu, jua halimsubiri mtu!