Mnada wa Korosho Mtandaoni: Kweli au Si Kweli?

Msimu wa korosho ukiingia, mkoani Pwani, kuanzia Maneromango huko Kisarawe hadi vijiji vya Kibaha, mazungumzo ya barazani ni bei. Tangu msimu wa 2024/25 korosho za ushirika zinauzwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX: mzigo uko ghalani, mnunuzi yuko popote alipo. Sanduku la zabuni limeondoka, lakini maneno ya kusikia yamebaki, na mengine yanamgharimu mkulima.

"Bei ya juu iliyotangazwa ndiyo nitakayolipwa."

Si kweli. Katika mnada wa kwanza wa chama kikuu cha ushirika cha TANECU, Oktoba 2024, bei ya juu ilikuwa shilingi 4,120 kwa kilo na ya chini 4,035. Bei zilikuwa mbili kwa sababu kila mnunuzi hulipa ile aliyoiandika mwenyewe. Aliyetaja kubwa huchukua tani zake kwanza, anafuata wa chini yake, hadi mzigo uishe. Habari hubeba ile ya juu. Wewe uliza wastani, halafu uliza makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri.

"Mnunuzi mjanja husubiri sekunde ya mwisho."

Inategemea kanuni ya kufunga mnada. Mwaka 2002 wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha minada ya eBay na ya Amazon. eBay ilifunga saa ileile iliyopangwa, na watu wakavizia mwishoni. Amazon iliongeza muda kila mara mtu alipotaja bei dakika za mwisho, na huko uviziaji ulikuwa mdogo sana. Ila mahali ambapo mshindi hulipa bei yake mwenyewe, hesabu kubwa kwake si ya saa. Ni ya watu: wenzangu ni wangapi? Wakiwa wanne, kila mmoja hutaja bei ya chini kidogo kuliko mzigo unavyostahili. Wakiwa ishirini, woga wa kukosa huwapandisha wote.

"Aliyeshinda mnada ndiye aliyefaidi."

Mara nyingi si kweli, na hapa ndipo mkulima wa Pwani anapoumia bila kujua. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu kampuni zilizogombea vitalu vya mafuta. Hakuna aliyejua kilichomo chini, kila mmoja alikisia, na aliyeshinda alikuwa yule aliyekisia kupita wote. Ushindi wenyewe ulikuwa dalili kwamba amekosea.

Gunia la korosho nalo ni kitalu. Ganda halisemi kilichomo ndani. Ndiyo maana sampuli hukatwa: korosho zinapasuliwa moja moja, kiini cheupe kilichojaa kinawekwa huku, kilichosinyaa, cheusi au chenye ukungu kule, kisha kizuri kinapimwa kwenye mizani. Kiasi chake hutajwa kwa paundi za kiini katika gunia la kilo 80. Tofauti ya paundi 5 tu ni zaidi ya kilo 2 za kiini kwa kila gunia.

Kusini, korosho nyingi huokotwa jua likiwaka. Kisarawe na Kibaha, mavuno hukutana na mvua za vuli. Korosho iliyonyeshewa, ikakaa chini ya mkorosho siku tatu, ikaingia guniani na unyevu wake, huharibu kiini. Mnunuzi aliyewahi kuumia hakumbuki gunia la nani, anakumbuka Pwani. Mwaka unaofuata anaishusha bei yote, pamoja na ya yule aliyeokota kila asubuhi na kuanika juani mpaka ikakauka. Nionavyo mimi, majibu ya sampuli yakiwa wazi na ya kuaminika, woga wa mnunuzi hupungua na bei hupanda. Turubai la kuanikia na mchambuzi mkali ghalani vina thamani kuliko hotuba yoyote juu ya bei.

"Mtandao umekomesha njama."

Hapana. Umewaondoa wanunuzi kwenye ukumbi mmoja, lakini wana simu. Dawa ni wingi wao: wengi hawapatani kirahisi.

"Mkulima hana sauti."

Anayo. Bei husomwa mbele ya wakulima, nao wanaweza kuikataa. Oktoba 2018 wakulima wa kusini waliikataa, na Novemba Rais Magufuli akaagiza korosho zinunuliwe kwa 3,300, jeshi likazisomba. Kukataa kuna gharama yake: wengine walisubiri malipo kwa miezi. Lakini walikuwa na cha kukataa. Aliyemuuzia kangomba, yule mnunuzi wa nje ya mfumo rasmi, korosho zikiwa bado maua mtini, siku ya mnada hana stakabadhi ya ghala wala mkono wa kunyoosha.