Lugha yetu kuhusu Ukimwi imepitwa na wakati

Kisa cha kwanza cha Ukimwi kilipothibitishwa humu nchini mwaka wa 1984, jamii ilifanya haraka kuutafutia ugonjwa huo mwenyewe. Watafiti waliowachunguza makahaba wa Pumwani, Nairobi, katika mwongo huo waligundua kuwa wengi wao tayari walikuwa na virusi. Madereva wa malori katika barabara kuu ya Mombasa kuelekea Kampala nao wakatiwa katika orodha. Tangu hapo ukaitwa ugonjwa wa malaya na madereva.

Sura ya maambukizi imebadilika, ila lugha ingali palepale. Tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka wa 2009 ilikadiria kuwa takriban asilimia 44 ya maambukizi mapya yalitokea miongoni mwa watu walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 nao ulionyesha kuwa asilimia 6.6 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi, ilhali kwa wanaume ilikuwa asilimia 3.1. Yamkini basi anayepokea majibu hospitalini leo ni mama mjamzito aliyekwenda kliniki, asiyemjua mwanamume yeyote ila mumewe.

Hapa ndipo sisi wanaisimu tunapopaswa kusema. Hebu tukitazame kitenzi 'ameambukizwa'. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humdai mtenda. Asikiaye huuliza papo hapo: na nani? Mama huyo arudipo nyumbani hulikuta swali hilo likimngojea mlangoni. Kwa kuwa yeye ndiye aliyepimwa kwanza, huhukumiwa kuwa ndiye aliyeuleta ugonjwa. Kumbe kipimo husema tu kuwa virusi vimo mwilini. Hakisemi vilitoka kwa nani.

Linganisha na kusema 'anaishi na virusi'. Hapo hapana mshtakiwa. Pana mtu na maisha yake. Usemi huo waafikiana pia na sayansi: atumiaye dawa ipasavyo hadi virusi visionekane vipimoni hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Wapo watakaodai kuwa nafunika uovu kwa maneno matamu. La hasha! Kijana aliyefunzwa kuwa Ukimwi ni wa malaya hujiona salama maadamu hawaendei hao, wala haoni haja ya kupimwa. Lugha hiyo ya lawama ndiyo ifunikayo hatari.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, mnaposahihisha insha za wanafunzi kuhusu Ukimwi, msiishie kwenye tahajia na upatanisho wa kisarufi. Mwulizeni mwanafunzi ni kwa nini mgonjwa katika insha yake ni lazima awe mwasherati. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ni nani atakayethubutu kuyafichua, iwapo kuyataja tu ni kujishtaki?