Kivu: Majani ya dawa yanaweza kutibu kiwele cha ng'ombe bila antibiotiki?

Ng'ombe akivimba kiwele katika vilima vya Masisi, Kabare au Walungu, jamaa nzima inaumia. Maziwa ya watoto yanapungua, bidoni la kupeleka sokoni linabaki nyumbani, na mnyama ambaye pengine alikuwa amewekwa kwa ajili ya mahari anashuka bei. Mara nyingi mfugaji huwa na njia mbili mbele yake: kununua antibiotiki kwenye duka la dawa za mifugo, au kuchuma majani karibu na nyumba.

Uchaguzi huo haumhusu mfugaji peke yake. Antibiotiki zinazotumiwa ovyo hupoteza nguvu, kwa ng'ombe na kwa binadamu. Majani nayo, baadhi yake, yana nguvu ya kweli. Lakini hayafai kwa kila kiwele, wala kwa kila namna ya kuyatumia.

Ugonjwa wenye sura mbili

Ugonjwa wa kuvimba kiwele, ambao madaktari wa mifugo hapa nchini huuita mamite, huletwa mara nyingi na bakteria wanaopenya kwenye tundu la chuchu. Wengine, kama Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae, hutoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine kupitia mikono ya mkamuaji au kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote. Wengine, kama Escherichia coli, hutoka kwenye mavi na matope ya zizi.

Sura ya kwanza ya ugonjwa inaonekana kwa macho: kiwele kinakuwa kigumu na cha moto, maziwa yanatoka na mabonge, maji maji au damu. Hali ikiwa mbaya, ng'ombe anapata homa, anakataa majani na anaweza kufa.

Sura ya pili imejificha. Kiwele kinaonekana kizima na maziwa ni meupe, lakini kipimo kinashuka siku baada ya siku. Wafugaji wengi husema ng'ombe amezeeka au majani yamekauka, kumbe ndani kuna ugonjwa unaoendelea kuwaambukiza wengine.

Kuugundua hakuhitaji mashine. Tangu mwaka 1957 kuna kipimo kilichobuniwa California, Marekani: maziwa kidogo ya kila chuchu huchanganywa na dawa ya aina ya sabuni kwenye kisahani. Yakiwa mazito kama ute, kiwele kina ugonjwa. Nchini Pakistan, watafiti walionyesha kwamba hata sabuni ya unga ya kufulia, iliyoyeyushwa kwenye maji kwa kiasi cha asilimia 3, inaweza kufanya kazi hiyo. Maziwa yaliyopimwa hivyo humwagwa.

Kwa nini antibiotiki peke yake hazitoshi

Hakuna anayekana kwamba antibiotiki zimeokoa ng'ombe wengi. Shida ni namna zinavyotumiwa. Mfugaji akinunua chupa bila daktari, akachoma sindano kwa kukisia na kuacha mara uvimbe unapopungua, bakteria dhaifu wanakufa na wenye nguvu wanabaki. Staphylococcus aureus ni mgumu zaidi, kwani hujificha ndani ya nyama ya kiwele mahali ambapo dawa haifiki vizuri.

Matokeo ya usugu huo hayabaki zizini. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Afrika ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Kuna pia mabaki ya dawa ndani ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kwa jamaa yenye ng'ombe mmoja, kumwaga maziwa siku hizo zote ni hasara nzito, na ndiyo maana wengine hawamwagi. Watengenezaji wa jibini, lile fromage la Masisi linalojulikana mpaka Kinshasa, wana sababu yao ya kuogopa: antibiotiki kidogo ndani ya maziwa inatosha kuua bakteria wazuri wanaoyagandisha, na kazi ya siku nzima inaharibika.

Mimea inafanya nini

Mafuta ya mimea ya viungo, hasa thym na origan, yana viini viwili vinavyoitwa thimoli na karvakroli. Viini hivyo hutoboa ngozi nyembamba inayomzunguka bakteria. Manjano, au kurkuma, hupunguza uvimbe. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kiini kingine chenye kuua vijidudu.

Lakini kuua bakteria kwenye chupa ya maabara ni jambo moja, na kuwaua ndani ya kiwele kilichojaa maziwa ni jambo lingine. Mafuta na protini za maziwa hushika viini hivyo na kuvipunguzia nguvu. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichunguza viungo vya dawa moja ya mimea inayotumiwa na wafugaji wa nchi hiyo wasioruhusiwa kutumia antibiotiki. Kati ya viungo vyote, ni mafuta ya thym peke yake yaliyoonyesha nguvu ya kudumu dhidi ya bakteria waliopimwa.

India ndiyo iliyopeleka dawa za mimea mbali zaidi vijijini. Shirika la taifa la maendeleo ya maziwa, NDDB, hufundisha wafugaji kusaga gramu 250 za jani la mshubiri, yaani aloe vera, pamoja na gramu 50 za manjano na gramu 15 za chokaa. Mchanganyiko huo mwekundu hulainishwa kwa maji na kupakwa juu ya kiwele kilichokamuliwa na kuoshwa, karibu mara 10 kwa siku, kwa siku 5. Ng'ombe hulishwa pia malimau.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba dawa hiyo hupakwa juu ya ngozi. Haiingizwi ndani ya chuchu. Maji ya majani yaliyotwangwa nyumbani yana vijidudu vyake, na kuyasukuma kwenye tundu la chuchu kwa bomba la sindano au kijiti kunaweza kugeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa.

Anayepona anaponywa na nini?

Hapo ndipo penye mtego. Sehemu ya ugonjwa mwepesi wa kiwele hupona wenyewe, hasa ule unaoletwa na Escherichia coli, kwa kuwa mwili wa ng'ombe unapambana. Mfugaji aliyepaka majani atasema ni majani, na aliyechoma sindano atasema ni sindano. Bila kundi la kulinganisha, hakuna anayeweza kujua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka mashamba 8 ya Marekani na Canada uliligusa jambo hilo. Ng'ombe wenye ugonjwa mwepesi au wa wastani walipimwa kwanza maziwa kabla ya kutibiwa, na antibiotiki wakapewa wale tu ambao kipimo kilionyesha zingewasaidia. Matumizi ya antibiotiki kwenye kiwele yalipungua karibu nusu, na ng'ombe hawakupona vibaya kuliko wale waliotibiwa wote.

Maana yake kwa mfugaji wa Kivu ni wazi. Katika ugonjwa mwepesi kuna nafasi ya kungoja siku moja au mbili, kumkamua ng'ombe mara nyingi zaidi na kutumia dawa ya kupaka isiyo na madhara. Lakini ng'ombe mwenye homa, asiyekula, au anayetoa maji na damu badala ya maziwa, anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kumpaka majani huku akidhoofika ni kumpoteza.

Elimu iliyopo Kivu

Eneo hili halianzi sifuri. Mwaka 1998, mtafiti Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, alichapisha katika jarida African Study Monographs la Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kazi kuhusu magonjwa ya mifugo na dawa za kienyeji za Bushi. Upande wa Rwanda, watafiti waliofanya kazi kuhusu muravumba, mmea unaojulikana pia katika vilima vya Kivu, walichapisha mwaka 1986 kiini walichokitoa ndani ya majani yake, chenye kuua vijidudu.

Kinachobaki ni kazi ya zizini: kuchukua mmea mmoja baada ya mwingine, kupima maziwa kabla na baada ya matibabu, na kulinganisha ng'ombe waliopakwa na wasiopakwa. Kazi hiyo ni ngumu katika maeneo ya vita na wizi wa ng'ombe, lakini bila hiyo wazee watabaki na elimu yao na madaktari na yao.

Kinga isiyo na gharama

Wakati huo ukingojewa, silaha kubwa zaidi dhidi ya mamite si jani wala sindano. Ni usafi: kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe, kutumia kitambaa safi cha kila mmoja, kuchovya chuchu kwenye dawa ya iodini baada ya kukamua, na kumkamua mgonjwa mwisho. Ng'ombe akimaliza kukamuliwa apewe majani ili abaki amesimama karibu nusu saa, kwa sababu tundu la chuchu bado liko wazi na akilala kwenye mavi vijidudu vinaingia.

Kila kiwele kinachokingwa hivyo ni sindano moja isiyochomwa, na dawa inabaki na nguvu kwa siku ambayo ng'ombe, au mtoto, ataihitaji kweli.